Kusudi la Mungu, Makusudi ya Watu

Mmeniomba, wanangu mnaobaki kazini, niandike kidogo kuhusu miaka niliyokaa hospitalini nikiwa mwinjilisti wa wagonjwa. Mmesema niandike mambo ya kutia moyo. Hapo mmekosea mtu. Funguo za ofisi nimezikabidhi, na koti jeupe nimelikabidhi likiwa limefuliwa, lakini hasira hakuna aliyeniambia nizikabidhi. Nimerudi nazo nyumbani, na ndizo zinazoandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Mnavijua, na vinaudhi kwa namna yake.

Nyie hospitali mnaijua. Kwa mgeni atakayesoma nitasema tu kwamba ni hospitali ndogo ya kanisa, iko juu kwenye migomba, na mgonjwa akizidiwa hushushwa Moshi mjini kwenye hospitali kubwa. Jina silitaji, si kwa hofu, ila wauguzi wazuri wa pale hawastahili kuchafuliwa pamoja na wengine.

Siku yangu ya kwanza nilikuja nimetoka chuo cha Biblia, nimejaa Neno mpaka kooni. Nilikuwa na Biblia mpya niliyoibandika vikaratasi vya rangi: chekundu msiba, kijani magonjwa, cha manjano umaskini. Aliyenipokea ni Mzee Elia, mwinjilisti niliyekuja kujifunza kwake, mzee mfupi aliyevaa sweta la sufu hata jua likiwaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo Biblia ni nzuri. Iweke kwenye mkoba kwanza. Yule baba wa kitanda cha dirishani anataka kujisaidia na muuguzi ana mikono miwili tu. Kachukue chombo."

Nilichukua chombo. Yule baba alikuwa ameanguka kutoka kwenye mparachichi, nyonga imevunjika, na aibu ilikuwa inamuuma kuliko nyonga. Tulipomaliza akaniuliza kama najua kupiga magoti, maana sabuni yake ilikuwa imeingia uvunguni. Nikapiga magoti. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu ya kwanza kazini, na Mzee Elia alisema imefika.

Vifaa vya kazi yetu alinionyesha siku hiyohiyo. Kigoda kifupi, ili ukikaa macho yako yawe chini ya macho ya mgonjwa, si juu yake. Chupa ya chai ya tangawizi. Leso mbili, moja ya kutoa na moja ya kwako. Biblia alisema ni ya mwisho kutoka mkobani, na siku nyingine haitoki kabisa. "Kwanza chai," alisema, "halafu kimya. Kimya kikikushinda, nenda nje ukatembee, usikijaze kwa mistari." Alipenda kunikumbusha rafiki zake Ayubu. Kwa siku saba walikaa chini pamoja naye bila kusema neno, wakawa wachungaji bora kuliko wote. Siku walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Nilijifunza polepole, maana mimi mwenyewe nina mdomo. Mnaoanza sasa mtakutana na kile kilichonitia wazimu tangu mwanzo, nacho ni wageni wa Jumapili. Wanatoka ibadani wamevaa vizuri, wamekula, wanaingia wodini kwa kundi, na kila mmoja amebeba mstari wake kama mtu aliyebeba fimbo. Kulikuwa na mkulima wa kahawa aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Mama mmoja wa kundi akamshika bega akamwambia, "Baba, Mungu ana mpango na maisha yako."

Yule mzee akamtazama. "Mpango wake ulikuwa unahitaji mguu wangu wa kushoto?"

Yule mama akaanza wimbo.

Nilicheka hapo, lakini mengine hayakunichekesha. Mtoto aliyeungua kwa pombe ya mbege iliyokuwa jikoni aliambiwa, mimi nikisikia, kwamba Mungu humrudi ampendaye. Mtoto wa miaka sita. Nilimtoa nje yule aliyesema, nikamwambia akirudi aje na maziwa, asije na Waebrania. Alikwenda kunishtaki. Mzee Elia aliniita, akafunga mlango, akanimiminia chai. Nikajua amekubali.

Msije mkanielewa vibaya. Mimi naliamini Neno. Naamini Mungu yupo kwenye taabu na anafanya kazi ndani yake, na nimewaona watu wakishika mstari mmoja kwa miezi na kuponea hapo. Lakini waliushika wenyewe. Hasira yangu ni kwa wanaoutumia mstari kama wanavyotumia chokaa, kupaka juu ya ukuta uliopasuka ili mgeni asiuone ufa.

Mzee Elia alistaafu, baadaye akafa, nikabaki mimi. Na sasa nifike kwenye lile linalonifanya niandike.

Aneth alikuja kujifungua msimu wa masika. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa pekee wa mama yake. Mama Aneth nilimjua kutoka usharikani, mjane anayefuga ng'ombe wawili na kulima kihamba, shamba la migomba la nyumbani, alichoachiwa na mumewe, mwanamke mwenye sauti ndogo ambaye hakosi ibada. Alikuja na chupa ya mtori, supu ya ndizi, kwa ajili ya mzazi. Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Tulikuwa tumeshaanza kumshukuru Mungu, ndipo Aneth akaanza kutoka damu, na haikukata.

Wauguzi walifanya kila walichofundishwa. Damu ya kuongeza hatukuwa nayo, na daktari wa upasuaji alikuwa safarini. Muuguzi wa zamu akasema ashushwe mjini sasa hivi. Akampigia Baraka, dereva wa gari la wagonjwa, simu ikiwa kwenye sauti ya juu kwa sababu mikono yake ilikuwa na damu. Nilikuwa nimesimama hapo.

"Baraka, lete gari mlangoni."

"Dada, mimi niko mjini, Majengo."

"Umempeleka nani Majengo?"

"Napakia viti. Vya Katibu. Kipaimara cha mtoto wake kesho. Mwenye maturubai ndiyo tunamsubiri."

Katibu ni katibu wa hospitali. Ndiye aliyekuwa na mamlaka ya gari. Gari la wagonjwa, lenye kitanda na mtungi wa oksijeni, limetolewa kitanda ili viti viingie.

Tulisimamisha pikapu iliyokuwa inapeleka ndizi sokoni. Tukaweka godoro juu ya mikungu, tukampandisha Aneth, mama yake akamshika kichwa, mimi nikamwinua miguu, muuguzi akabaki anambinya tumbo njia nzima. Mvua ilikuwa inanyesha na barabara ilikuwa utelezi. Aneth alikuwa anauliza kama mtoto, tuliyemwacha wodini, amenyonya. Mama yake alimjibu amenyonya. Alimjibu hivyohivyo kila alipouliza, mpaka alipoacha kuuliza.

Alikata roho tukiingia Rau, karibu na mji. Na hapo Rau, namwambia kila anayetaka kusikia na asiyetaka, tulikutana na gari letu la wagonjwa likipanda. Viti vyekundu vya plastiki ndani, viti vyekundu juu, vimefungwa kwa kamba. Baraka alitutambua, akasimama, akaruka chini akaanza kukata kamba na kutupa viti barabarani ili tumhamishie mgonjwa. Nilimwambia, "Acha, mwanangu." Akakaa palepale kwenye tope akalia. Mama Aneth hakulia. Alikuwa anavitazama vile viti.

Tuliporudi juu, Katibu alikuwa akitusubiri kibarazani, amevaa suti. Alikuja kwa Mama Aneth, akamshika mikono yote miwili. "Mama, jikaze. Kazi ya Mungu haina makosa. Hatuwezi kuelewa sasa, lakini Mungu ana makusudi yake."

Mama Aneth akainua uso. "Makusudi?"

"Ndiyo, mama. Makusudi."

"Kwa hiyo amenifanyia makusudi."

Katibu hakusikia kitu hapo. Akaitikia, "Amina, mama." Mimi nilisikia. Kiswahili hakina huruma kwenye neno hili. Ukisema kusudi, ni lengo. Ukisema makusudi, kila mtoto aliyewahi kumwagiwa maziwa na kaka yake anajua maana yake. Yule mama hakuwa anakosoa lugha. Alikuwa anauliza kama Mungu amemuua binti yake kwa kutaka, na mtu mwenye suti akamjibu amina.

Nilipokwenda kwake kesho yake na kigoda na chai, alinywa chai. Nilipoweka mkono kwenye mkoba akaushika mkono wangu. "Mwinjilisti, usinisomee. Na kuomba sitaomba. Siwezi kuzungumza na Ruwa kabla sijajua nani kanifanyia makusudi." Ruwa ndiye Mungu, kwa Kichagga. Alisema kwa sauti yake ileile ndogo, mtoto wa Aneth akiwa amelala mapajani mwake. Nikajua huyu mwanamke yuko karibu kumpoteza Mungu pia, na si shetani aliyemsukuma. Ni Katibu na Biblia yake.

Kipaimara kilifanyika. Nitasema hivyo tu, nisije nikatukana.

Kabla ya mazishi Katibu aliniita ofisini. Mchungaji wa usharika angeongoza ibada, mimi nitoe Neno la faraja kwa niaba ya hospitali.

"Mama Mwinjilisti, nimekuchagulia Warumi nane," alisema. "Ule wa mambo yote na kusudi lake. Unafaa sana."

"Unamfaa nani?"

"Wafiwa. Tusiwachochee watu, mama. Ya gari ni mambo ya kiutawala, yana sehemu yake."

"Na kaburi ni jambo la kiutawala?"

Alisema ananiheshimu kama mama yake. Nilimwambia mama yake angemchapa.

Siku ya mazishi nilipofika kihambani nilidhani macho yananidanganya. Hospitali ilikuwa imetoa viti kwa ajili ya waombolezaji, kama rambirambi. Viti vyekundu. Havikuwa vimerudishwa Majengo bado, basi Katibu akaona vifanye na kazi hiyo, na vililetwa na gari la wagonjwa. Watu walikuwa wamevikalia, hawakujua. Mama Aneth alikuwa ameketi chini juu ya majani makavu ya migomba. Kila aliyemletea kiti alimwambia asante, akabaki chini.

Nilikwenda mbele. Warumi nane sikufungua. Nilifungua mwisho wa Mwanzo, pale Yusufu anapozungumza na ndugu zake waliomtupa shimoni na kumuuza. Mahubiri ya misibani huwa yanachukua nusu ya maneno yake, ile tamu, kwamba Mungu aliyakusudia mambo yale kuwa mema. Niliwaambia watu sentensi ya Yusufu ina nusu mbili, na ile ya kwanza haisomwi kwa sababu inauma. Kwanza Yusufu anawaambia ndugu zake usoni kwamba wao walimkusudia mabaya. Ninyi. Anawataja. Hasemi kazi ya Mungu haina makosa. Anasema ninyi mlikosa.

"Na angalieni tena ni nani anayesema nusu ya pili," nilisema. "Ni aliyetupwa shimoni. Aliyemtupa hakupewa ruhusa ya kuisema. Ndugu zake wangekwenda kuchungulia kwenye lile shimo na kumwambia Yusufu, tulia, Mungu ana makusudi yake, tungewaitaje?"

Nikaendelea. "Kusudi ni la Mungu. Makusudi ni ya watu. Aneth alihitaji gari. Gari lilikuwa Majengo linapakia viti, na viti vyenyewe mmevikalia."

Sauti niliyoisikia baada ya hapo sitaisahau. Watu waliinuka. Hawakupiga kelele, waliinuka tu, wazee kwa vijana, wakavisogeza nyuma. Mazishi yakafanyika watu wamesimama kwenye matope. Katibu alibaki ameketi peke yake kwa muda, halafu naye akainuka, akaondoka kabla ya udongo.

Niliitwa kujieleza mbele ya kamati. Nilijieleza. Nilipewa onyo, nikaondolewa wodini, nikapelekwa kukaa kwenye chumba cha mapokezi kuelekeza watu, kazi ambayo hata ubao wa mshale ungeifanya. Katibu alibaki kazini. Naandika hili kwa utulivu kiasi, lakini kalamu imeshatoboa karatasi mara moja. Niliambiwa na watu wawili wenye kola kwamba nimelitumia Neno vibaya. Waliolitumia kufunika maiti hawakuitwa.

Kilichompata Katibu hakikutoka kwenye kamati. Kilitoka mlimani. Watu waliacha kumtembelea. Alikuwa anaitikiwa salamu, lakini hakuna aliyesimama kuendelea na habari. Kipindi cha kuchuma kahawa wazee wa ukoo wake walimwita, wakamwambia yeye ni mtoto wa hapa na anajua njia. Njia ni jani la isale. Kwetu mkosaji hukata jani la mmea ule tunaoupanda mipakani, akalifunga fundo, akalipeleka kwa aliyemkosea, na isale halikataliwi. Hata koo zilizouana mashambani zimepatanishwa nalo.

Alikuja na wazee wawili. Mama Aneth aliniita niwepo, nikakaa pembeni kwenye gogo. Mtoto alikuwa ameshaanza kukaa, anachezea mfuniko wa sufuria. Katibu hakuwa na suti. Alipiga goti, akanyoosha jani kwa mikono miwili.

Mama Aneth hakunyoosha mkono.

Mzee mmoja akakohoa, akamwita mama kwa Kichagga. "Mae, isale halikataliwi."

"Sijalikataa, meku," alisema, akimwita mzee. "Majani hayo hata mpakani kwangu yamejaa. Nangoja maneno yake." Akamgeukia Katibu. "Sema."

"Mama, yaliyotokea siku ile, sisi wanadamu hatujui, Mungu mwenyewe..."

"Sikukuuliza Mungu alifanya nini."

Katibu akaanza tena, akasema hospitali ilikuwa na changamoto. Mama Aneth akachukua jembe lililokuwa ukutani, akaanza kulifuta udongo kwa kidole, kama mtu aliye peke yake. Wazee walitazama chini. Nilitamani kumtoboa yule mtu kwa maneno, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilinyamaza bila kuambiwa.

Mwishowe Katibu akasema. "Nililituma gari likachukue viti vya sherehe yangu. Muuguzi mkuu aliniambia wodini kuna mama aliye karibu kujifungua, niliache. Nikamwambia litawahi kurudi. Halikuwahi. Ni mimi."

Hili la muuguzi mkuu sikuwa nimelijua. Niliinuka pale kwenye gogo, nikakaa tena.

Mama Aneth aliweka jembe chini. "Basi si Ruwa," alisema, na alisema kama mtu anayejiambia mwenyewe. Machozi ambayo hakuyatoa Rau wala kaburini yakaja. Akalia mpaka mtoto akaanza kulia naye. Halafu akanyoosha mkono, akalipokea jani.

Mngedhani imekwisha. Lakini Katibu, mzigo ukiwa umemtoka, uso ukamnawiri, akafumba macho akataka kufunga kwa sala. Akaanza kwa sauti yake ya kanisani, "Ee Bwana, kama Yusufu alivyosema, nasi tulikusudia mabaya, bali wewe uliyakusudia..."

"Ishia hapo," Mama Aneth alisema.

Akafumbua macho.

"Nusu yako umeshaisema. Hiyo nyingine si yako. Ni yangu. Nitaisema mwenyewe, siku nikiiweza."

Siku hizi anaomba tena, na jioni huniita nimsomee, zaidi zaburi zile za kulalamika. Warumi nane tumeusoma pia, polepole, na ameniambia anauamini. Lakini ile nusu hajaisema. Nanyi mnaobaki kazini, mkikutana naye, msimsaidie.